Kijijini kwetu nyumba zimeongezeka, watu wamepungua. Nimekaa miezi mitatu nikahesabu

Mtori wa Jana (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtu wa Uchagani, upande wa Marangu kwa juu. Kijiji sikitaji kwa sababu humu ndani wamejaa binamu zangu. Kama wengi wetu tulioondoka, kwa miaka mingi nimekuwa nakijua kijiji cha Desemba tu: magari yamepangana hadi hupati pa kugeuzia, mbuzi wa ndafu, pombe ya mbege, watoto wa Kimara wanaokimbia ng'ombe kana kwamba wameona simba. Safari hii mama alianguka akaumia nyonga, na katika sisi watoto mimi ndiye niliyekuwa na likizo iliyolimbikizwa. Nikapanda katikati ya Januari, nikashuka mwanzoni mwa Aprili. Ndipo nikakutana na kijiji cha Februari. Wakuu, hivyo ni vijiji viwili.

Kijiji cha Februari kina ukimya wa kuogopesha. Saa nne asubuhi unasikia panga la mtu anayekata majani ng'ambo ya korongo, na jogoo, basi. Jumapili moja nikitoka kanisani kushuka darajani nikaanza kuhesabu miji (yaani maboma ya familia) njiani, moja moja, kwa vidole. Iko 19. Mitano ina kufuli au mlinzi tu, na hiyo mitano ndiyo yenye nyumba nzuri kupita zote: vigae, madirisha ya alumini, geti la kuteleza. Saba ina mzee mmoja au wazee wawili. Mitatu ina bibi na wajukuu walioletwa "wakae kidogo" wakati wazazi wanajipanga, na hawajamaliza kujipanga hadi leo. Inabaki minne yenye baba, mama na watoto. Katika hiyo minne, miwili si wenyeji. Ni watu waliotoka Singida na Kondoa kuja kutunza nyumba za wenye vigae, wakazaa hapo hapo.

Nilipokuwa darasa la tano njia hiyo hiyo ilitoa timu mbili za mpira na wa akiba wakanuna pembeni.

Atakayesema naongea hisia, achukue sensa. Mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,640,087. Mwaka 2022 ukawa na 1,861,934. Nchi nzima ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120. Yaani taifa limeongezeka zaidi ya theluthi, sisi asilimia 13 na ushee. Kwa mwaka ni asilimia 1.3 wakati nchi inakwenda kwa 3.2. Na hao tulioongezeka hawapo huku juu. Ukipita Himo au Boma Ng'ombe utawaona waliko. Kumbuka pia sensa ilihesabu waliolala nyumbani usiku wa kuamkia Agosti 23. Wangehesabu usiku wa Krismasi tungewashangaza.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndiyo iliyonileta.

Mama ana daftari. Alikuwa mweka hazina wa kinamama kanisani miaka mingi, hawezi kupokea hata mia tano bila kuandika. Nikamwomba nikae nalo jioni moja. Kwa mwezi ulioingia Februari mambo yalikuwa hivi. Kutoka kwenye simu: mimi laki moja na nusu, dada yangu laki moja, mdogo wetu elfu hamsini (yeye hutuma akipata, mwezi huo alipata). Jumla laki tatu. Maziwa: ng'ombe mmoja, lita nne zinauzwa kwa siku kwa 1,200, kwa mwezi 144,000. Ndizi za mbege na mikungu ya kuuza, kama 40,000. Kahawa inalipa kwa msimu. Tuligawanya kwa miezi 12 ikatoka 17,000 kwa mwezi. Parapachichi tatu za uani kwa hesabu hiyo hiyo, 5,000.

Kahawa 17,000! Kahawa iliyonisomesha mimi, iliyonunua bati la kwanza la babu.

Ukijumlisha unapata 506,000, na karibu shilingi sita katika kila kumi zimetoka kwenye simu. Ngoja sasa. Huyo ng'ombe ana kijana wake. Kijana analipwa laki moja, anakula na kulala hapo. Pumba na mabua yanayopandishwa na Canter kutoka tambarare, elfu sabini. Dawa na kupandisha, kama elfu ishirini. Ng'ombe anaingiza 144,000, anatoka na 190,000. Anamla mama elfu arobaini na sita kila mwezi! Nikamwambia, "Mama, tumuuze." Akaniangalia kama nimesema tumuuze yeye. "Nikimuuza, nitaamka asubuhi kufanya nini?"

Kilichonitoa usingizi ni hiki. Mwisho wa mwezi nilishuka na kijana hadi kwa wakala pale Marangu Mtoni. Nikatoa hela aliyotuma dada kutoka Ubungo. Wakala akanihesabia, nikamhesabia kijana mshahara wake, kijana akazirudisha kwenye dirisha lile lile zitumwe kwao Kondoa. Noti zile zile. Hazikupoa mkononi. Hela ya Ubungo imepanda mlima, imekaa dakika tatu, imeshuka Kondoa.

Ndiyo maana nauliza: hivi kijiji chetu kinaishi kwa nini hasa siku hizi? Karibuni.

---

Dalali Mstaafu

Mleta uzi umeandika vizuri ila unazunguka. Jibu ni moja: uzeni. Eka moja ya kihamba (hilo shamba lenu la ukoo la migomba na kahawa) barabarani huko ni hela ndefu. Mnakumbatia migomba ya babu huku mnahangaika na kodi ya nyumba Mbagala. Sentimenti haijazi tumbo.

---

Mtori wa Jana

Dalali, swali dogo. Nyuma ya jiko la mama, hatua kumi kutoka kwenye migomba, kuna makaburi sita. Babu, bibi, baba, shangazi aliyerudi kutoka kwa mume, na watoto wawili waliokufa kwa surua kabla sijazaliwa. Mteja wako atanunua na hao?

Nakubali watu wanauza. Huku kwetu wanauza vipande vya shamba la chini, tambarare, kule walikokuwa wanalima mahindi. Kihamba ni kitu kingine. Na kuna jambo ambalo nyie wa mjini hamlioni: kihamba kimeshagawanywa mpaka hakigawanyiki. Babu alikuwa na eka tatu. Akatoa kwa watoto watatu wa kiume. Baba akabaki na moja, tukazaliwa wawili wa kiume. Ukigawa tena unapata kiwanja cha nyumba na mgomba wa kivuli. Ndiyo maana desturi yetu ya kumwachia kitinda mimba mji wa baba siku hizi inaleta kichekesho: kitinda mimba wetu yuko Nairobi na hajui hata mpaka uko wapi.

---

Kibo Upande wa Pili

Mkuu umeruka historia, bila hiyo wachangiaji wa mikoa mingine hawatakuelewa. Naomba niongeze kidogo, mimi mzee wangu alikuwa karani wa chama cha msingi.

Kahawa ilipandwa Kilema na mapadri mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wenyewe wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Hiyo KNCU haikuwa ghala la kahawa tu. Ukipeleka kahawa yako ya maganda chama cha msingi unakatwa senti kidogo za shule, za barabara, za zahanati. Watu wa mlimani walijenga shule kwa senti za kilo. Kwa hiyo ilipofika uhuru, Mchaga mwenye cheti alikuwa tayari, na kazi zilikuwa Dar, Tanga, Arusha. Nani angebaki kupaka mrututu?

(Waliokulia huko wanaujua mrututu. Ni dawa ya bluu, unapulizia mibuni dhidi ya ugonjwa wa chulebuni, unarudi nyumbani umekuwa wa bluu hadi nyusi.)

Halafu mapigo. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, wakati ule ule bei ya dunia ilikuwa inapanda kwa sababu ya baridi iliyoua mibuni Brazil. Vikarudishwa baada ya sheria ya 1982, lakini mkulima alishazoea kucheleweshewa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawa mgao wa kuuza ukakwama, bei ikaporomoka. 1994 soko huria, na mwaka huo huo baridi nyingine Brazil, bei ikapaa! Wanunuzi walikuja na magari hadi mlangoni, wananunua hata kahawa mbichi. Watu tukadhani soko huria ndiyo dawa. Kufika 2001 Vietnam imemwaga robusta duniani na bei haikutosha hata kulipa wachumaji. Leo ukitaja arabika ya Tanzania unataja Mbinga na Mbozi kwanza.

Kwa hiyo, mleta uzi, hiyo 17,000 yako ina baba na babu.

---

Mtori wa Jana

Asante sana mkuu. Hapo umenigusa. Mimi niliingia kidato cha kwanza 1989, mwaka ule ule bei ilipoporomoka. Baba aliuza ng'ombe wawili kwa ada. Nilikuwa najua ng'ombe waliuzwa, sikujua kuna mkataba uliovunjika huko majuu.

Halafu tazama: kahawa ilitupeleka shule, shule ikatutoa kijijini. Tungekuwa wajinga tungekuwepo.

---

Mkinga wa Makambako

Pole mkuu, lakini sisi wa Makete tulianza zamani. Sensa ya 2002 wilaya ilikuwa na watu 105,775, ya 2012 ikawa na 97,266. Siyo kuongezeka polepole, ni kupungua kabisa. Ukimwi ulitumaliza, na waliobaki wakaenda kufanya biashara Mbeya, Makambako na Kariakoo. Nyumba zilizofungwa tunazijua.

Tofauti yetu na nyie ni zao. Sisi tumepanda miti: paini na milingoti (mikaratusi). Mti hauhitaji mtu. Unapanda, unakata njia ya moto, unaondoka, unarudi kuvuna baada ya miaka. Mtu yuko Kariakoo anauza vyombo na huku ana eka ishirini zinakua akiwa amelala. Kahawa yenu inataka mtu kila wiki, ndiyo maana imewashinda.

---

Msukuma wa Mwese

Nyie mnalia watu wamepungua? Njooni Katavi mchukue. 2012 tulikuwa 564,604. 2022 tumefika 1,152,958. Mara mbili kwa miaka kumi! Watu wanashuka na ng'ombe, na matrekta, na wake wawili wawili. Darasa moja la kwanza linajaa mpaka watoto wanakaa mlangoni. Nyumba ya nyasi, lakini ndani kuna gunia sitini za mpunga na watoto tisa. Huku mtoto bado ni jembe.

Mleta uzi, kwenye nyumba yako ya vigae kuna gunia ngapi?

---

Mtori wa Jana

Hahaha, Msukuma umenipiga palipo na kidonda.

Maana hili la vigae lina kisa chake. Jirani yetu, bibi wa miaka zaidi ya 80, anakaa kwenye nyumba ya vyumba vinne, vigae vyekundu, choo cha ndani. Alijengewa na mwanawe alipokuwa na kazi nzuri. Mwana alipunguzwa kazini, akaugua, akafa, amezikwa hapo hapo mbele ya nyumba. Bibi amebaki. Lilipokuja zoezi la kuorodhesha kaya maskini, mkutano ulimcheka. "Huyu maskini? Mwenye vigae?" Mimi nilimkuta Machi anachemsha ndizi na chumvi, mchana na usiku. Umeme ulishaisha na hana wa kumnunulia, anatumia koroboi ndani ya sebule yenye dari la mbao. Choo cha ndani hakina maji, anakwenda cha shimo nyuma.

Ng'ambo ya njia, mwenye nyumba ya mbao iliyopauka ambaye kila mtu anamwona fukara, ana watoto watatu wanaobeba mizigo ya watalii mlimani. Msimu ukichanganya, pale ndani kuna hela taslimu kuliko popote kwenye njia yetu.

Ukija na gari na daftari la utafiti ukaandika "paa: vigae, sakafu: marumaru", utasema kijiji kimetajirika. Nyumba ya Uchagani ni hela iliyotumika zamani, mahali pengine, na mtu ambaye hayupo. Haisemi leo usiku kuna nini kwenye chungu.

---

Mpemba wa Wete

Kwa hilo la bibi wa vigae, huku Zanzibar tangu mwaka 2016 kila mzee aliyefika miaka 70 hupewa pensheni ya jamii na serikali. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini hawaulizi una paa gani wala mwanao yuko wapi. Hutazamwa umri tu. Bibi yangu alikuwa akijisikia vibaya kumwomba mjomba hela ya sukari. Ile elfu ishirini ilimpa ulimi.

---

Bint Mamba

Shimbonyi, kaka.

Nimesoma uzi wote kimya, sasa nashindwa. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimerudi nyumbani mwaka 2019. Sisi tuko sita, wanne wa kiume, na aliyerudi ni mimi binti. Baba aliniachia kipande mbele ya wazee wa ukoo kabla hajafa, kwa sababu alijua akishafunga macho nitaambiwa "wewe ni wa kuolewa". Nikaambiwa hivyo hivyo kwenye arobaini. Nikawaambia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inanitambua kama wao. Anayetaka kipande arudi akilime. Hakurudi mtu.

Sasa nakupinga mambo mawili, kaka yangu.

La kwanza, hesabu yako ni ya mwanamume. Umehesabu noti. Mama yako anakula nini? Amenunua ndizi mshare? Amenunua magimbi, maharage, majani ya maboga, mayai, maziwa anayokunywa yeye na huyo kijana? Ungemweka Sinza kwa mwezi mmoja ndipo ungejua kihamba kinalipa kiasi gani. Na mbolea ya huyo ng'ombe unayemtukana ndiyo inayolisha migomba. Ukimuuza, baada ya miaka miwili unaanza kununua ndizi sokoni Mwika kama mgeni.

La pili, kahawa haijafa. Imekufa ya mtu asiyekuwepo. Nimeng'oa ile ya zamani kipande kwa kipande, nimepanda miche chotara ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo, isiyoshikwa na chulebuni wala kutu ya majani. Napogoa mwenyewe, nachuma nyekundu tu, tunamenya pamoja kwenye mtambo wa kikundi. Sikudanganyi kwamba nimetajirika. Lakini msimu uliopita kahawa yangu ilizidi pensheni yangu ya miezi minne.

Kinachonisumbua ni mikono, siyo bei. Wachumaji ni wale wale wanne, na mmoja ana miaka 67. Vijana wako kwenye bodaboda au wanasubiri wageni getini. Siwalaumu, kwa siku moja ya kupandisha mzigo mlimani anapata kuliko siku tatu za kuchuma kwangu.

Na hela ya kijiji ukitaka kuiona, usiende kwa wakala. Njoo Jumatano kwenye vikoba vyetu. Kinamama 28, wastani wa umri usiniulize. Hapo ndipo inapolala zaidi ya dakika tatu.

---

Mtori wa Jana

Dada, shikamoo. Nimenyooshwa.

Nimerudi kwenye daftari na mama, kwa simu safari hii. Tumepiga bei ya kila wanachokula kutoka kihambani kama wangekinunua sokoni Marangu: ndizi za mtori na za machalari, magimbi, maharage, maziwa lita mbili kwa siku, mayai. Haikupungua laki na nusu kwa mwezi. Kwa hiyo pato la mama siyo 506,000, ni kama 656,000, na sehemu ya simu inashuka chini ya nusu. Ng'ombe pia nimemsamehe. Ukimwekea thamani ya mbolea na maziwa ya nyumbani hana hasara tena. Mama amecheka sana. Ameuliza, "Kwa hiyo umesoma mpaka chuo kikuu ndiyo umegundua nakula?"

Lakini dada, huko vikoba mnakopesha nani? Mkopo unakwenda kwenye nini?

---

Bint Mamba

Marahaba.

Zamani ada. Sasa hivi ada imepungua, sekondari ya serikali hadi kidato cha nne haina ada tangu 2016. Wanakopa kwa matibabu, kwa misiba, wachache kwa nguruwe na kuku. Na nitakwambia kitu ambacho kinamama hawapendi kisemwe: wanakopa kuwatumia watoto walioko mjini. Mtoto amekwama kodi Dar, mama anakopa kikobani anamtumia. Unadhani simu inapokea tu? Kuna kinamama watano kwenye kikundi chetu ambao wao ndio wanatuma.

---

Dalali Mstaafu

Hapo dada umeniacha hoi. Nimefuta wazo langu la kuuza. Nusu yake.

---

Mrangi wa Kolo

Wakuu, mimi nimesubiri mtu aulize upande wa pili wa hiyo noti, naona hamuulizi. Mimi ndiye huyo kijana wa ng'ombe. Siyo wa mama yake mleta uzi, wa Kibosho, mwaka 2011 hadi 2014.

Huku Kondoa mvua ni moja, Desemba hadi Aprili. Ukishavuna mtama na alizeti, kuanzia Julai mwanamume ana kazi gani? Ardhi ipo ila jua lipo zaidi. Basi kunakuwa na mtu aliyetangulia Moshi, anapiga simu: "Kuna bibi anataka kijana." Unapanda basi. Mimi nilifika sijui kukata majani ya mteremkoni, nilianguka na mzigo korongoni siku ya kwanza, bibi akanikanda mguu kwa maji ya moto. Bibi yule alikuwa mkali lakini alinifundisha kupika mtori, na alikuwa akinisomesha gazeti jioni kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoka. Mtu pekee niliyeongea naye kwa siku nzima alikuwa yeye, na yeye mimi. Watoto wake walikuwa wakija Desemba, ananipangia kulala stoo ili chumba chao kiwe wazi.

Mshahara nilikuwa naiacha kwake miezi sita, napokea kwa mkupuo, kwa sababu nikiishika naimaliza Moshi mjini. Ile hela ilinunua ng'ombe wawili wa kulimia na jembe la kukokota. Leo nalima alizeti eka kumi na mbili na nimejenga. Bati 40. Kwa hiyo kahawa iliyomsomesha mtoto wa bibi, mtoto akapata kazi Dar, akamlipa bibi, bibi akanilipa mimi, mimi nikaezeka Kolo. Mleta uzi umeandika kama vile hela ilipotea ilipoingia dirishani kwa wakala. Haikupotea. Ilikuja huku.

Na wale watoto wa walinzi uliowahesabu pembeni, "si wenyeji", wanaongea Kichaga kuliko wanao. Nakuambia kwa heshima.

---

Mtori wa Jana

Mkuu, heshima nimeipokea, na kosa nimeliona. Niliandika "si wenyeji" bila hata kufikiri. Mwalimu mkuu wa shule niliyosoma aliniambia kwamba bila watoto wa walinzi na wajukuu walioletwa, darasa la kwanza mwaka huu lingekuwa na watoto wa kuhesabika mkono mmoja. Na aliyekuwa akimpeleka mama kliniki kwa bodaboda kabla sijafika ni mtoto wa mlinzi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kazaliwa hapo, anaimba kwaya. Ila kihamba hana, na hatapata. Akioa atakwenda Himo kupanga chumba. Hilo sijui tunalimalizaje.

Bibi yako wa Kibosho yupo?

---

Mrangi wa Kolo

Alifariki 2018. Nilipanda kumzika. Watoto wake walidhani mimi ni mpwa.

---

Kibo Upande wa Pili

Mmmh. Uzi umekuwa mzito huu.

Mleta uzi, mama anaendeleaje na nyonga?

---

Mtori wa Jana

Anatembea na fimbo hadi bandani, Mungu mkubwa. Ila kuna habari mpya tangu jana usiku. Kijana ameaga. Baba yake amepiga simu kwamba alizeti iko tayari kuvunwa, na zaidi ya hapo mahari imekamilika, anaoa mwezi wa sita, hatarudi. Mama amelia kidogo halafu amemwandikia kwenye daftari zawadi ya harusi, elfu hamsini, kwenye safu ya matumizi ya ng'ombe.

Kwa hiyo Mrangi wa Kolo, na wengine wa Kondoa, Singida hata Babati: natafuta kijana mwaminifu wa ng'ombe mmoja, anayejua kukata majani au aliye tayari kufundishwa. Laki moja na ishirini, chakula na chumba, na chumba ni chake hata Desemba. Mwenye mtu aje chemba. Na awe anajua kusoma kwa sauti, mama macho yameanza kuchoka.